Utitiri wa masikio ya paka: mbona unarudi wiki ya tatu?

#1 Sharubu Ndefu
Habari wakuu. Nina hoja, anayeipinga aje na sababu.

Paka jike, kilo 3.6, miaka 2. Masikio yalijaa uchafu mweusi mkavu kama machicha ya kahawa, na anajikuna mpaka manyoya ya nyuma ya sikio yamenyonyoka. Akatiwa matone ya mafuta ya kusafishia masikio, asubuhi na jioni, siku 7. Akatulia kabisa. Siku ya 19 uchafu ukawa pale pale. Raundi ya pili, siku 7 nyingine: kimya, kisha siku ya 20 yale yale. Nyumbani yupo paka mwingine, dume, hana dalili hata moja.

Dai langu: utitiri unajificha kwenye matandiko, na kutibu sikio bila kufua ni kutwanga maji kwenye kinu.

#2 Kucha Butu
Nimewahi kiti cha mbele. Leo kuna mtu atakunwa.

#3 Bi Hadubini
Matandiko yanasingiziwa. Tazama kalenda yako mwenyewe. Huyu Otodectes cynotis, jina la kitaalamu la utitiri wa masikio, anamaliza mzunguko wake kwa wiki 3 hivi. Jike hutaga yai na kuligandisha kwenye ngozi ya sikio kwa ute unaokauka kama gundi. Baada ya siku 4 hivi anatoka lava, yaani utitiri mchanga, mwenye miguu 6. Lava anakula, anajivua gamba, anakuwa tunutu mwenye miguu 8, anapita hatua mbili za utunutu, ndipo anakomaa na kupandana. Aliyekomaa huishi kama miezi 2.

Matone yako yameondoa waliokuwa wakitembea, mayai yamebaki. Siku ya 19 au 20 ndiyo hiyo wiki ya tatu. Matone ya aina hiyo hayakatizwi siku ya 7. Ni wiki 3 kamili, na wenye tahadhari huenda hadi ya 4.

#4 Mzee wa Kuhesabu
Bi Hadubini, heshima yako, ila hesabu haikai. Yai la siku ya kwanza ya tiba limeanguliwa siku ya 5, na matone bado yanatiwa hadi siku ya 7. Huyo lava kanaswa. Litakalopona ni yai lililotagwa siku ya 4 na kuendelea. Sasa kama wakubwa wote walikufa siku ya kwanza na ya pili, siku ya 4 anataga nani?

Kwa hiyo ama matone hayakuwamaliza wakubwa, ama kuna wanaoingia kutoka nje ya sikio. Kuyalaumu mayai peke yake hakutoshi.

#5 Bi Hadubini
Nimepokea nusu. Tundu la sikio la paka halinyooki: linashuka wima, kisha linakata kona kwenda ndani kuelekea kiwambo cha sikio, mfano wa herufi L. Nta ikigandamana kwenye ile kona, mafuta yanabaki juu ya gamba na hayapenyi. Chini yake majike yapo yanataga bila wasiwasi. Ndiyo maana tunasisitiza kusafisha kabla ya dawa. Ukidondoshea juu ya uchafu, dawa inatibu uchafu.

#6 Nyau wa Darini
Wote mmeruka jambo lililo machoni penu: yule dume. Utitiri huu huhama kwa kugusana, na paka wanaolala pamoja na kulambana wanagawana kila kitu. Paka mwingine hubeba utitiri mwingi asijikune hata kidogo. Mwingine ana wachache tu lakini mwili wake umeuchukia, anajichana mpaka damu. Kiasi cha kujikuna hakikuambii idadi.

Dume hajatibiwa raundi zote mbili. Jike anasafishwa, anarudi kulala ubavuni kwa dume, anapokea wapangaji wapya. Kanuni ni kwamba paka wote na mbwa wote wa nyumba moja wanatibiwa siku moja, mwenye dalili na asiye nazo.

#7 Mswaki
Na sungura je?

#8 Nyau wa Darini
Sungura ana wake, Psoroptes, anayefanya magamba mazito ya rangi ya kahawia ndani ya sikio. Ukimwona na magamba hayo atibiwe kivyake.

#9 Fundi Taulo
Naongeza sababu ya tatu, na kwangu ndiyo yenye uzito. Utitiri huu jina ni wa masikio lakini haukai masikioni tu. Unatembea juu ya ngozi, hauchimbi mashimo kama wa upele. Hupatikana kichwani, shingoni, kwenye nyayo anazojikunia na kwenye mkia. Tazama paka anavyolala: anajikunja duara, ncha ya mkia inagusa sikio. Unatia matone sikioni, waliokuwa mkiani wanasubiri yakauke.

Kwa hiyo matone ya sikio peke yake, hata yawe makali namna gani, yanaacha mlango wa nyuma wazi. Dawa ya kudondosha kwenye ngozi ya shingo inafunga milango yote miwili, kwa sababu inaingia mwilini na kurudi juu ya ngozi yote, masikio yakiwemo. Mfano ni selamektini: kipimo ni angalau miligramu 6 kwa kila kilo ya paka, na lebo nyingi huruhusu kuanzia umri wa wiki 6 au 8. Moksidektini iliyochanganywa na imidaklopridi, kuanzia wiki 9. Mara nyingi dozi moja inatosha, wengine huhitaji ya pili baada ya mwezi.

Namna ya kuitia: usiimwage juu ya manyoya. Tenga manyoya pale shingo inapokutana na fuvu mpaka uone ngozi nyeupe, gusisha mdomo wa kichupa kwenye ngozi, kamua chote. Ukiweka chini zaidi, kati ya mabega, ulimi unafika. Akilamba atatoa povu mdomoni kwa uchungu wa dawa, na sehemu ya dozi imepotea. Wakiwa wawili, watenganishe mpaka pakauke, maana huyu humlamba yule.

#10 Karatasi Nyeusi
Nimesoma mpaka hapa natafuta sentensi moja na siioni. Nani ameuona huo utitiri?

Uchafu mweusi si ushahidi. Fangasi wa Malassezia hutoa nta ya kahawia yenye mafuta, nyingine nyeusi kabisa. Wapo paka wenye vijifuko vya rangi ya samawati iliyokolea ndani ya sikio, vinavyotoa nta nyeusi maisha yao yote. Wapo wenye kinyama kilichoota ndani ya tundu. Hao wote "hupona" wakisafishwa siku 7, kwa sababu nta imetolewa, na "hurudia" baada ya wiki mbili tatu, kwa sababu nta imejaa tena. Kalenda ya Bi Hadubini inafanana na kalenda ya kujaa kwa nta. Hapo ndipo watu hutibu utitiri usiokuwepo mwaka mzima.

#11 Kucha Butu
Haya! Mshtakiwa huenda hakuwepo eneo la tukio.

#12 Sharubu Ndefu
#10 nimekubali, sikuuona kwa macho. Nautazamaje bila hadubini?

#13 Karatasi Nyeusi
Usisafishe sikio kwa siku 2 au 3 kwanza. Kisha:

Chukua kijiti cha pamba, kizungushe kwenye sehemu unayoiona tu, mwanzo wa tundu, usikisukume ndani. Kisugue juu ya karatasi nyeusi isiyong'aa. Weka karatasi chini ya taa ya mezani, karibu kiasi cha kupata joto lakini si cha kuchoma. Subiri dakika 2 hadi 5. Tazama kwa lenzi ya kukuza mara 10.

Mwanzoni utaona vumbi tu: vipande vyeusi, ngozi iliyopukutika, unyoya. Usiondoe jicho. Chembe moja nyeupe, ndogo kuliko punje ya chumvi, inaanza kusogea kutoka ukingoni mwa kipande cha nta, inakwenda kwa kusitasita, inapinda, inarudi kujificha chini ya kipande kingine. Ngozi iliyokufa haifanyi hivyo. Ukimwona mmoja anayetembea, kesi imekwisha. Aliyekomaa ana urefu wa chini ya nusu milimita, jicho zuri humwona hata bila lenzi.

Fanya sikio la kulia na la kushoto kwenye karatasi mbili tofauti, uziandike. Majibu hayawi sawa kila mara.

Kidokezo cha pili: shika ukingo wa sikio, lisugue taratibu kwa kidole gumba. Mguu wa nyuma ukianza kupiga hewani kama anajikuna, kuna muwasho mkali. Hakikuambii ni wa nini.

#14 Mswaki
Mbona mnazunguka? Siki na maji nusu kwa nusu, au haidrojeni peroksaidi, sikio linang'aa.

#15 Bi Hadubini
Linang'aa na linaungua. Sikio lenye utitiri lina michubuko hata kama huioni. Siki inachoma michubuko hiyo. Peroksaidi inatoa povu ndani ya tundu lililopinda, unyevu unabaki kule chini, na unyevu ndio fangasi anaoutaka. Spiriti ni hivyo hivyo. Mafuta ya mti wa chai usiyaguse kabisa: ni sumu kwa paka, analegea, anatetemeka, na anayapata kwa ngozi na kwa kujilamba.

#16 Fundi Taulo
Kwa kuwa wengi wanakosea kusafisha, hii ndiyo hatua kwa hatua.

Pasha chupa ya kisafishio ndani ya bakuli la maji ya vuguvugu mpaka ifike joto la mwili, nyuzi 38 hivi. Kitu cha baridi sikioni humpa kizunguzungu, na hutamshika mara ya pili. Mfunge kwenye taulo kama mtoto mchanga, miguu yote minne ndani, kichwa nje, mgongo wake kifuani kwako.

Vuta sikio juu na nyuma kidogo ili tundu linyooke. Jaza tundu mpaka uone maji yamefika mdomoni, ni mililita moja hivi, kutegemea paka. Usizamishe ncha ya chupa. Likunje sikio, shika chini yake pale kwenye kitu kigumu kama mrija, kanda sekunde 20 hadi 30. Utasikia chwa-chwa-chwa. Ukisikia hiyo, kisafishio kimefika kwenye kona. Usipoisikia, ongeza.

Mwachie, geuza uso wako usiwe mbele yake, atatikisa kichwa na machicha yataruka ukutani. Futa kwa pamba au shashi iliyoviringwa kidoleni, mwisho ni pale kidole kinapokwama. Kijiti cha pamba hakiingii tunduni. Kinashindilia uchafu kama mtwangio, na paka akigeuza shingo ghafla kinatoboa kiwambo.

Gamba likiwa gumu, tia matone 3 au 4 ya mafuta ya zeituni jioni, kanda, liache lilainike, safisha kesho yake.

Kabla ya yote hayo angalia: kichwa kimelalia upande mmoja? Anayumba? Macho yanachezacheza? Kuna usaha au damu mbichi? Kimoja tu kikiwepo usitie kitu chochote. Kiwambo huenda kimetoboka, na dawa nyingi salama sikioni ni sumu zikipita huko. Gentamisini na klorheksidini zinaweza kumwacha kiziwi. Huyo ni wa daktari wa mifugo.

#17 Mzee wa Kuhesabu
Swali la nyongeza. Mafuta yanauaje? Wengi husema yanaziba matundu ya kupumulia.

#18 Karatasi Nyeusi
Hana matundu ya kuzibwa. Si mdudu, ni wa ukoo wa kupe na buibui, na kundi lake halina mirija ya hewa. Anavuta hewa kupitia ngozi ya mwili mzima. Mafuta yakimfunika mwili wote atakosa hewa kweli, ila lazima afunikwe mzima na kwa muda mrefu. Tone moja linalotiririka na kutikiswa nje baada ya dakika moja halimfuniki mtu.

#19 Bi Hadubini
Pia yanamtelezesha na kumtoa nje pamoja na nta. Mimi nashuku hilo linafanya kazi kubwa kuliko kukosa hewa.

#20 Dozi Moja
Jamani, ivermektini ya mifugo, ile ya sindano ya asilimia 1, tone moja sikioni, mambo yamekwisha. Mnapoteza muda na chwa-chwa.

#21 Mzee wa Kuhesabu
#20 tuhesabu pamoja. Asilimia 1 maana yake miligramu 10 ndani ya mililita 1. Kipimo ambacho madaktari hutumia kwa paka, nje ya lebo (matumizi yasiyoandikwa kwenye lebo ya dawa), huanzia miligramu 0.2 kwa kilo. Paka wa #1 ana kilo 3.6, hiyo ni miligramu 0.72, sawa na mililita 0.072. Bomba la sindano la mililita 2 halina hata mstari wa kukuonyesha hapo. Mtu akivuta "kidogo tu", nusu mililita, amempa miligramu 5, karibu mara 7. Kwa mtoto wa paka wa gramu 700 kosa hilo ni karibu mara 36.

Matone ya sikio yaliyotengenezwa kwa paka yana ivermektini ya asilimia 0.01. Nusu mililita kila sikio, mara moja. Hiyo ni dawa iliyopunguzwa mara 100 kuliko chupa yako. Jina moja, vitu viwili.

#22 Nyau wa Darini
Ikizidi inaingia kwenye ubongo: mboni zinapanuka, haoni, anapepesuka, anatetemeka, anaweza kuzimia. Wapo paka wenye kasoro ya kurithi inayofanya ubongo usiweze kuizuia, hao huumia hata kwa dozi ndogo. Hutawajua kwa kuwatazama.

Na kwa kuwa mtu ataleta: dawa ya mbwa ya kudondosha yenye permetrini, hapana, hata robo. Ini la paka halina njia ya kutosha ya kuivunja. Dalili ni kutetemeka masikio na misuli, kisha degedege, ndani ya saa chache. Ikishatokea, osha kwa sabuni laini ya vyombo na maji ya vuguvugu, yasiwe moto kwa sababu joto linaongeza kunyonywa, mkaushe, mfunike, mkimbize kwa daktari.

#23 Dozi Moja
Nimenyoosha mikono. Kilo 3.6 mnaipimaje nyumbani?

#24 Fundi Taulo
Panda mizani naye, shuka, panda peke yako, toa. Kwa paka mkubwa inatosha. Kwa mtoto wa chini ya kilo 1 usifanye hivyo, mizani ya bafuni hukosea nusu kilo bila aibu. Mweke kwenye bakuli juu ya mizani ya jikoni.

#25 Sharubu Ndefu
Kabla hatujafika mbali, hakuna aliyejibu kuhusu matandiko. Akiwa nje ya paka anakufa papo hapo?

#26 Bi Hadubini
Hafi papo hapo. Anaweza kukaa hai siku kadhaa, na penye ubaridi na unyevu hupita hata wiki. Lakini hazaliani huko, hana chakula. Ndiyo maana nasema ni chanzo kidogo.

#27 Nyau wa Darini
Kidogo si sifuri. Kufua kwa nyuzi 60 ni kazi ya saa moja, sioni kwa nini tugombane.

#28 Mswaki
Unahamia kwa mtu?

#29 Karatasi Nyeusi
Mara chache. Vipele vinavyowasha mikononi au tumboni unapombebea, huisha paka akitibiwa.

#30 Sharubu Ndefu
Siku 3 zimepita bila kusafisha, nimefanya jaribio la #13, karatasi nne.

Jike, kulia: chembe mbili zinazotembea, hazina ubishi. Jike, kushoto: hakuna kinachosogea, na nta yake ni ya kahawia, laini, inanuka kama kitu kilichochacha. Dume, masikio yote mawili: hakuna hata moja.

#31 Nyau wa Darini
Dume bado mtuhumiwa. Kijiti kimoja kisichoonyesha kitu hakimtakasi, walio wachache huwa ndani zaidi. Atibiwe.

#32 Karatasi Nyeusi
Sikio la kushoto ni hoja yangu mimi. Harufu ya kuchacha ni fangasi au bakteria, na hao selamektini haiwagusi. Pamba ipelekwe chini ya hadubini, ipakwe rangi, waonekane. Tena usitie tena mafuta ya zeituni upande huo, Malassezia hushibia mafuta.

#33 Fundi Taulo
Na sikio la kulia lenye utitiri halielezi kwa nini la kushoto halina, labda fangasi amekuja juu ya uharibifu wa utitiri uliokwisha kuondoka. Hutokea sana.

#34 Sharubu Ndefu
Mpango: wote wawili selamektini leo jioni, kila mmoja kwa uzito wake, wametenganishwa. Sikio la kulia linasafishwa kila siku ya tatu. La kushoto kesho kwa daktari. Matandiko yako kwenye maji ya nyuzi 60 muda huu.

#35 Mzee wa Kuhesabu
Mkuu, umeharibu! Umetibu dume, umeziba mkia, umesafisha kona, umefua matandiko, vyote siku moja. Jike akipona hatutajua nani kati yetu alikuwa sahihi.

#36 Bi Hadubini
Mimi.

#37 Fundi Taulo
Mkia.

#38 Sharubu Ndefu
Karatasi nyeusi zinarudi mezani siku ya 21. Dume ameshalamba shingo, anatoa povu, ngoja nikamfute.

#39 Fundi Taulo
Nilisema kwenye fuvu, si kati ya mabega.